Nukta Zisizo na Mjomba

Bamba namba mia nne na kumi lilikuwa na matundu zaidi ya mia moja yanayotazama vitu ambavyo havipo, na aliyesababisha ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Nililijua hilo jua likiwa bado juu na bamba likiwa mbele yangu mezani. Usiku uliokuwa unakuja ulitabiriwa kuwa safi, baada ya mawingu ya muda mrefu.

Kazi yangu ni kuchomeka nyuzi. Juu ya kilima kuna darubini, chini yake kuna chumba chetu, na ndani ya chumba hicho tuko wawili: mimi na Kipara, ambaye ana nywele nyingi kuliko mtu yeyote pale kazini na hakuna anayekumbuka kwa nini anaitwa hivyo. Tunaletewa bamba la alumini la mviringo, pana kama meza ya kulia watu wawili, limetobolewa matundu mia sita na arobaini. Kila tundu ni nukta moja ya angani. Tunachomeka uzi mmoja wa kioo katika kila tundu, kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Bamba linapandishwa linafungwa nyuma ya darubini, na usiku kila uzi unanywa mwanga wa nukta yake na kuupeleka kwenye mashine inayouchambua rangi kwa rangi. Mwanga ukishachambuliwa, ndipo wenye shule zao wanasema hii ni nyota, hii ni galaksi, hii iko mbali kiasi hiki. Kabla ya hapo ni nukta tu. Picha peke yake haisemi.

Nukta ni mamilioni, matundu ni mia sita na kitu. Lazima nyingine ziachwe. Hapo ndipo mpwa wangu alipokuwa anafanya kazi, ofisi ya juu, kitengo cha uchaguzi. Kompyuta yao inapitia picha zilizopigwa kupitia vioo vya rangi tano na kuibandika kila nukta alama zake: hii imegusana na jirani, hii imekatwa na ukingo wa picha, hii iko karibu mno na nyota kali. Yenye alama mbaya inatolewa. Inayobaki inapimwa rangi na ung'avu, inapewa daraja, na zenye daraja la juu zinapata matundu kwanza. Kila kipande cha anga kina zamu moja. Kikishapigwa, tunahamia kingine, hatugeuki nyuma. Mkuu wa uchaguzi ni mama mmoja mwembamba tunayemwita Daktari, na msemo wake ulikuwa mmoja tu: "Kanuni haina shoga."

Mpwa wangu tulimwita Chiriku tangu mdogo, kwa sababu ya mdomo. Ndiye aliyeniingiza kazini. Karakana niliyokuwa nachomelea milango na mageti ilipofungwa, nilikaa nyumbani mpaka mke wangu akawa ananifagia pembeni kama kiti. Chiriku akanipigia simu: "Mjomba, huku wanatafuta mtu mwenye vidole vitulivu." Shule niliiacha mapema, cheti cha kuonyesha sina. Alikwenda kuniombea, nikaingia.

Siku ile vidole vyangu havikuwa vitulivu. Upepo ulikuwa unaupiga mlango. Nikiufunga na kukaa, unafunguka tena. Kipara alikuwa anapiga mluzi wimbo ambao hauna mwisho. Nilichomeka uzi, nikauchomoa kuuangalia, nikauchomeka tena mle mle.

"Hebu ona huku kwangu," Kipara akasema.

Upande wake matundu yalikuwa yamesongamana yakafanya pete.

"Wamepanga foleni," akasema.

"Wanagawiwa nini?"

"Sukari. Na imebaki kidogo."

Nikacheka. Msongamano tulishauona kwenye mabamba mengine, maana kuna mahali galaksi zinaishi kwa ukoo, zimebanana kama ndugu kwenye nyumba ya kupanga. Sikujiuliza zaidi ya hapo. Nililaani tu, kwa sababu kila uzi mwisho wake una kichwa cha chuma, unene wa njiti mbili za kiberiti, na penye msongamano vichwa hivyo vinagusana na kukubana kucha. Unene huo huo ndio unaofanya nukta mbili zikikaribiana kupita kiasi, moja tu itobolewe. Vichwa viwili haviwezi kukaa mahali pa kimoja. Nyingine inaambiwa pole.

Chiriku akaingia bila kelele, nikajua kuna jambo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula." Alikuwa hajala. "Hilo ndilo mia nne na kumi?"

"Ndilo."

"Naweza kuliangalia?"

"Kuangalia bure, kugusa kesi."

Kwa kawaida angenijibu. Aliizunguka meza, kompyuta yake bapa mkononi, ramani ya matundu ikiwa kwenye kioo. Akawa anatazama ramani, anatazama bamba, anasogeza kidole hewani juu ya matundu. Alifika kwenye ile pete akasimama. Akarudi mwanzo, akahesabu upya, akasimama pale pale.

"Umeangusha hereni?" Kipara akamuuliza.

"Kaka, niazime mjomba wangu kidogo."

"Mchukue, ila umrudishe na chaji." Kipara akachukua kikombe chake akatoka.

Mlango ulipojifunga nyuma yake, Chiriku akasema, "Haimo."

Sikuhitaji kuuliza nini. Ukoo mzima tuliijua ile nukta yake. Alishatuonyesha kwenye simu sebuleni kwa mama yake, nikaona punje ya vumbi jekundu, nikasema nzuri, kwa adabu. Yeye aliamini ni kwasa, taa ya mbali kabisa, ambayo mwanga wake ulianza safari kabla jua letu halijakuwepo. Tatizo ni kwamba ilikuwa imekaa jirani na nyota kali, na kanuni yao inachora duara kuizunguka kila nyota kali. Kilichomo ndani ya duara kinapewa alama mbaya na kutolewa, hata kiwe dhahabu. Alishaomba mkutanoni, akaomba tena, akakataliwa. Mara ya mwisho Daktari alimjibu mbele za watu: "Tunafanya sensa, mama, si mashindano ya urembo. Ukimwingiza unayempenda, nikiulizwa wako wangapi nitasema nini? Wako hawa, pamoja na wa Chiriku?" Watu wakacheka. Alinisimulia hayo mwenyewe, huku anakata kitunguu, nikadhani machozi ni ya kitunguu.

"Si ulikataliwa?" nikamwambia. "Ulitegemea imo kwa njia gani?"

Akavuta kiti, hakukikalia. "Nilipunguza duara."

"Wewe?"

"Kwa nyota ile moja tu. Sikuiingiza kwa mkono, mjomba, nakuapia. Kila kilichokuwa kimezuiwa pale nilikifungulia, halafu nikaiacha kompyuta ichague yenyewe. Huo si upendeleo. Nilifungua mlango kwa wote."

"Na waliingia akina nani?"

Akaangalia ile pete. "Mizuka."

Nikamwambia aseme kwa lugha ya mtu aliyeishia pale nilipoishia mimi. Akasema nyota kali ikipigwa picha, mwanga wake unadundadunda ndani ya vioo vya darubini na kuacha nukta za uongo, zimeizunguka kama inzi. Hiyo ndiyo sababu duara lilichorwa tangu mwanzo. Nukta hizo za uongo zinaonekana kwenye rangi moja nyekundu, nne nyingine hazionyeshi kitu. Na kwasa ya mbali sana nayo iko hivyo hivyo. Kompyuta ikaona mizuka ikadhani ni kwasa zaidi ya mia, na kwa kuwa kwasa ni adimu, zote zikapewa daraja la juu na kutobolewa kwanza. Galaksi zilizokuwa zimepanga mstari kihalali zikasukumwa nje.

"Na yako?"

Akaweka ukucha juu ya tundu moja. "Hapa umekaa mzuka." Akausogeza ukucha kidogo mno, njiti moja ya kiberiti. "Yangu ilitakiwa iwe hapa. Zilikuwa na daraja sawa, haziwezi kukaa zote, kompyuta ikapiga kura. Mzuka ukashinda."

Nilicheka. Halikuwa jambo la kucheka, ila lilinitoka. "Mama, umefungua mlango usiku ili mgeni wako apite, wakaingia wezi, wakamkanyaga mgeni."

Yeye hakucheka. Hakuondoa ukucha.

"Wewe ni fundi," akasema. "Hilo tundu la mzuka lipige tupa. Lisogeze. Njiti moja tu."

Nikainama. Sitasema uongo, kitu cha kwanza nilichofikiria ni namna ya kulifanya. Alumini ni laini. Tundu likikwanguliwa upande mmoja linakuwa refu kama jicho. Unachomeka uzi upande ule mpya, nyuma yake unashindilia kipande cha shaba kisicheze, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Hakuna ambaye angejua, labda Kipara, na Kipara haoni anachoamua asione.

"Naweza," nikasema.

"Mjomba wangu!"

Nikafungua droo, nikatoa tupa nyembamba ya mviringo. Nikatia ncha yake kwenye tundu. Alisogea karibu mpaka nikawa nasikia pumzi yake, kama alivyokuwa akisogea utotoni nikimtengenezea baiskeli. Nikasukuma mara moja tu, na unga wa alumini ukadondoka, mdogo kama majivu.

Halafu mkono ukasimama.

"Endelea."

"Hizi ulizozisukuma nje," nikasema, "mjomba wao nani?"

"Mjomba, hizo ni galaksi."

"Najua ni galaksi. Zilipanga mstari, zikatolewa, na hakuna aliyekuja huku chini kuziombea. Hii moja inaombewa kwa sababu ina mjomba mwenye tupa."

"Umesema unaweza."

"Mkono unaweza."

Alirudi nyuma kama nimemsukuma. Mdomo ule wa chiriku ukafunguka sasa. "Na wewe ulipita kwa daraja gani? Siku ile getini kulikuwa na watu wana vyeti mpaka vya ziada, wamevaa tai, wanatoka jasho. Wewe ulikuja na kandambili. Nani alikupunguzia duara?"

"Wewe."

"Ahaa."

"Wewe, Chiriku. Na mpaka leo nikipita lile geti mgongo unaniwasha, nahisi kuna mtu nyuma yangu anaulizia nafasi yake." Nikarudisha tupa kwenye droo. "Nenda juu kwa Daktari. Jua bado lipo. Mwambie mwenyewe."

"Unajua wiki hii wanakaa kuamua kama wataniongezea mkataba? Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi nisikilize. Lipandisheni kama lilivyo. Nukta mia tano na zaidi zitapata mwanga wake. Mia moja zitaangalia giza. Makosa yataonekana majibu yakikaguliwa, na hiyo ni mbele huko, mimi nitakuwa nimeshasaini. Hapo nani amekufa?"

Nikafuta ule unga wa alumini kwa kiganja.

"Mjomba?"

"Nenda kwa Daktari."

"Ukinisemea," akasema, sauti chini, "mama hatanijia mimi. Atakujia wewe." Akatoka, na mlango haukufungika, ukabaki unapigapiga.

Mama yake ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki mimi nikiwa mdogo wa kubebwa, dada akanibeba. Alikuwa akinipakulia kwanza ndipo ajipakulie yeye. Chiriku alijua anapiga wapi.

Kipara akarudi. Aliniangalia. "Huyu amekurudisha bila chaji."

"Ungefanyaje, umeona jambo kazini, na aliyelifanya ni damu yako?"

"Mimi?" Akakaa, akachukua uzi. "Mimi nimeona foleni ya sukari. Sijaona kingine, na nina watoto."

Tukaendelea. Nikawa nachomeka nyuzi kwenye ile pete, na sasa kila tundu nililijua kwa jina. Mzuka. Mzuka. Mzuka. Niliinuka kufunga mlango, nikakaa. Niliinuka kunywa maji, nikakuta birika tupu, nikakaa. Nikamwambia Kipara anyamaze na mluzi wake, akasema hajapiga mluzi tangu alipotoka. Kwenye dirisha la juu jua lilikuwa limeanza kuinama. Nikitoka nje nilitazama ngazi za ofisini kama Chiriku anapanda au anashuka. Hakukuwa na mtu. Nikajiambia nimpe muda. Nikajiambia bamba likishapandishwa, muda huo hauna kazi. Mtu akikaa katikati ya maneno mawili anaota mizizi, na mimi miguu ilikuwa inaniwasha.

Nikaenda.

Daktari alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kompyuta, chai imepata utando. "Fundi. Tayari?"

"Lile la mia nne na kumi lina pete."

"Pete gani?"

"Matundu yamezunguka mahali ambapo huwa hayapo. Karibu na nyota kali."

Hakuuliza tena. Alilifungua kwenye kioo, akalitazama, akasogeza, akalitazama. Nilitegemea kelele. Alivuta kiti akakaa polepole kama mtu anayeumwa kiuno.

"Nani?"

"Mimi ni wa matundu, Daktari."

"Kompyuta inaandika jina la kila anayegusa kanuni." Akabonyeza. Jina likatokea. Alijua ni mpwa wangu. Kila mtu alijua. Alinitazama, na sikupenda vile alivyonitazama, kwa sababu haikuwa hasira.

Nikajikuta nasema maneno ya Chiriku. "Si lipandishwe tu? Mia tano ni nzima. Mia ndizo mbovu."

"Mia tano zipi, fundi? Hizo zilizobaki zimebaki kwa sababu hazikukaa mahali mzuka ulipotaka kukaa. Nikizichanganya na mabamba mengine, hesabu yote inapata kidonda, na baada ya miaka mitano hakuna atakayekumbuka kiko wapi. Kipande kisichopigwa naweza kukiandika kwamba hakikupigwa. Hiki nitakiandika nini?" Akacheka bila furaha. "Mwanga wa giza tupu, labda. Tungepata wa kutosha ukoo mzima." Akainuka. "Kuna bamba jingine?"

"Lipo moja la upande wa pili wa anga. Halijaguswa."

"Litakuwa tayari jua likizama?"

"Hapana."

"Anzeni hata hivyo."

Tukaanza. Kuchomoa ni haraka kuliko kuchomeka, lakini ukichomoa kwa haraka unavunja, na uzi mmoja ukivunjika ni msiba. Mimi na Kipara tulichomoa nyuzi tulizokuwa tumezihangaikia toka asubuhi. Tukalivua mia nne na kumi tukaliegemeza ukutani, tukalifunga lile jingine kwenye fremu. Shati la Kipara lilikuwa limegandamana na mgongo.

Chiriku akaingia. Daktari alikuwa amemtuma aje kuongeza mikono. Aliosha vidole, akasimama upande wa tatu wa meza, akachukua uzi wa kwanza. Hakunisalimu.

Watu watatu kuizunguka meza ile ni wengi. Viwiko vinagongana, nyuzi zinapishana. Maneno yalikuwa "pisha" na "shika hapo" na "si huo." Kipara alijaribu. "Leo hakuna foleni," akasema, "leo sukari imekwisha." Akarudi kwenye nyuzi zake. Vidole vya Chiriku vilikuwa vitulivu kuliko vyangu. Mara moja tulifikia uzi mmoja pamoja, mkono wake ukagusa wangu, akauvuta kama ameshika kikaango cha moto.

"Nilikuwa napanda," akasema, macho kwenye bamba.

"Unasema?"

"Nilikuwa napanda kwa Daktari. Nilikaa chooni nanawa uso. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti yako ndani."

Kipara akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Ungeniambia unakwenda," nikasema.

"Ni lini nimewahi kuacha kufanya ulichoniambia?"

Sikujua kama ni kweli. Sijui mpaka sasa. Aliwahi kunidanganya kwamba amekula, tena siku ile ile. Lakini nywele zake za mbele zilikuwa bado zimelowa, kama za mtu aliyenawa uso.

Nje giza likaingia. Tulisikia kuba la paa likifunguka, ule mngurumo wake mrefu, na tukajua juu kuna darubini inayotazama anga safi kabisa bila kitu mgongoni. Mwendeshaji wa darubini alishuka kutazama, akapanda, akashuka tena. Mara ya tatu akasema, "Jamani, nyota zinapita," na Chiriku akamwambia aondoke kabla hajachomekwa yeye. Hiyo ndiyo sauti yake ya kawaida, na ilikuwa mara ya mwisho kuisikia pale.

Bamba lilipopanda, saa bora za usiku zilikuwa zimekwenda. Lilipata mwanga nusu ya lilivyohitaji. Kulipopambazuka mawingu yakarudi, yakakaa mpaka kipande cha mia nne na kumi kikazama pamoja na jua, na zamu yake ikapita.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa Daktari, tai shingoni, kumwombea Chiriku. Tai niliiazima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," akasema, "angekuja mwenyewe, ningemkemea nikambakiza. Mtu anayekosea na kuja kusema, huyo ndiye ninayemtaka kwenye uchaguzi. Lakini hakuja. Ulikuja wewe."

"Alikuwa njiani."

"Wewe ulimwona?"

Nilifikiria kusema ndiyo. Neno dogo, na lilikuwa mdomoni tayari.

"Hapana," nikasema. "Sikumwona."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kioo chake.

Dada alinipigia simu siku Chiriku alipofungasha. Hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja: kama ningesubiri kidogo, ningekufa? Nikaanza kumweleza juu ya kanuni, na mizuka, na nukta zilizokuwa kwenye mstari. Akasema, "Mimi sikukulea kwa kanuni," akakata.

Kilichopotea ni hiki. Bamba moja la alumini, ambalo lilikatwakatwa likawa vibao vya milango ya ofisi. Nusu ya usiku safi, na hiyo haifidiki kwa chochote. Bamba la pili, lililopata mwanga kidogo likaandikwa halifai. Kipande kimoja cha anga ambacho kwenye ramani ya ukutani ni cheupe, na ndani yake nukta mia tano zilizochaguliwa kihalali, na zile mia zilizosukumwa ambazo nilijifanya mjomba wao, na ile moja nyekundu. Hakuna hata moja iliyopata uzi. Kazi ya Chiriku. Dada yangu, ambaye simu yangu haipokei. Kazi yangu mimi sikuipoteza. Leo asubuhi tumeletewa bamba jipya, matundu mia sita na arobaini, na tumeanza upande wa kushoto.